UWANJA UMEJAA, SANDUKU TUPU: Vijana wa Kariakoo tutaanza kuhesabu lini?

Juzi nilipita kwenye kijiwe cha kahawa Mtaa wa Narung'ombe, nikakuta vijana kumi na mmoja wanabishana siasa mpaka mishipa ya shingo imewasimama. Mmoja anauza mikoba ya kina mama, wawili wanasukuma mikokoteni, mmoja ni fundi wa simu, waliobaki ni wale wa leo hiki kesho kile. Hoja ilikuwa ile ile ya siku zote: kwamba sisi wanamageuzi tuko wengi, mji huu wote ni wetu, na wakubwa wanakaa pale kwa mabavu tu. Nikawaacha wamalize. Kisha nikawauliza swali la kijinga. Kati yenu, nani anajua kituo alichojiandikisha kupiga kura?

Kimya. Mikono miwili ikanyooka. Mmoja kajiandikisha Mbagala anakolala. Wa pili kajiandikisha Nachingwea, kwao, na hajakanyaga huko tangu msiba wa bibi yake. Wale tisa, kadi ama imepotea, ama ilichukuliwa na maji ya mafuriko, ama haijawahi kuwapo.

"Sasa mzee, kadi ya nini na kura zenyewe zinaibwa?" akaniuliza yule fundi wa simu, na wenzake wakamshangilia kama kafunga bao uwanja wa Taifa.

Swali zuri, na sitalikwepa. Nitalijibu kabla makala haya hayajaisha. Lakini kwanza niachieni niseme jambo ambalo viongozi wetu wa upinzani hawapendi kuliandika katika magazeti yao, likiwamo hili: tumekuwa tukihesabu vichwa vya uwanjani badala ya kuhesabu kura. Na tunafanya hivyo kwa miaka thelathini sasa.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1995. Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, kaikimbia CCM, kaingia NCCR-Mageuzi. Vijana wa mji huu walichanganyikiwa kwa furaha. Gari lake lilikuwa haliwashwi injini, linasukumwa kwa mikono. Ukisimama Jangwani siku ya mkutano wake huoni ardhi, unaona vichwa. Tukaambiana: kwisha kazi, Ikulu hiyo hapo.

Matokeo yakatoka. Benjamin Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4, John Cheyo wa UDP 4. Kulikoni?

Wizi, tukasema. Na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuambia kwamba uchaguzi ule ulikuwa safi. Hapa Dar es Salaam, Oktoba 29, 1995, watu walipanga foleni tangu alfajiri na vifaa havikufika, ama vilifika nusu nusu jua likiwa limekwisha kuzama. Tume ikalazimika kuufuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya mji na kuurudia Novemba 19, wakati mikoa mingine imekwisha kupiga kura na matokeo yao yanajulikana. Wagombea urais wa upinzani wakajitoa kwa hasira. Aibu ile haina maelezo.

Lakini, ndugu msomaji, weka hasira pembeni kidogo utazame hesabu za Bunge za mwaka ule ule. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura za wabunge nchi nzima, ikaambulia viti 16 vya majimbo. CUF ilipata kama asilimia 5 tu, ikaondoka na viti 24! CCM kwa asilimia 59 ikabeba viti 186 kati ya 232, yaani vinane katika kila kumi. Aliyekuwa na kura mara nne zaidi kapata viti vichache zaidi. Hapo mwizi ni nani?

Hapo mwizi ni kanuni yenyewe ya mchezo. Anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anachukua kiti. Wengine wote kura zao zinakwenda na upepo. Kura za NCCR zilimwagika nchi nzima kama mchele uliotoboka gunia: kidogo Mwanza, kidogo Mbeya, kidogo hapa, nyingi Kilimanjaro. Za CUF zilikaa sehemu moja. Majimbo yote 21 ya Pemba ilichukua, na matatu Unguja. Ni kweli majimbo ya Visiwani ni madogo, mbunge wa kule anapita kwa kura ambazo huku Bara hazitoshi hata udiwani wa kata kubwa. Hata hivyo, gunia lisilotoboka ni gunia lisilotoboka.

Kanuni hii tumeirithi kwa Waingereza pamoja na wigi za majaji. Na kwao ina historia ambayo kijana wa upinzani anapaswa kuijua kuliko anavyoijua orodha ya wafungaji wa Arsenal na Manchester United.

Kule kuna chama cha Liberal, ambacho zamani kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kikatawala, kikaanguka, kikabaki na wabunge wanaoweza kuenea kwenye Hiace moja ya daladala. Mwaka 1983 wakiwa wameungana na wenzao wa SDP walipata asilimia 25.4 ya kura zote za Uingereza. Labour walipata 27.6. Wamekaribiana mno, si ndiyo? Labour wakapata viti 209. Liberal na wenzao wakapata viti 23. Robo ya wapiga kura wote wa nchi, na viti 23 katika Bunge la watu 650! Kama kuna watu waliostahili kukaa kijiweni na kulia kwamba wameibiwa, ni wale.

Walilia. Wanalia mpaka leo, wanataka kanuni ibadilishwe. Lakini wakati wanalia walikuwa wanafanya kazi nyingine kimya kimya, na hiyo ndiyo nataka uisikie.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani. Machi 14, 1962 palikuwa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Orpington, kando ya London, ngome ya Conservative ambayo hakuna aliyedhani itabomoka. Mliberali Eric Lubbock akaibomoa kwa tofauti ya kura 7,855. Watu wakasema muujiza. Haukuwa muujiza. Wenzake walikuwa wamekwisha kukamata udiwani katika kata za pale, moja baada ya nyingine, wanajua mtaa gani una shimo na nyumba gani ina mgonjwa. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakafanya hivyo hivyo Liverpool, mji wa bandari na wa makabwela kama huu wetu. Wakachapa vikaratasi vidogo vilivyoitwa Focus, havina picha ya kiongozi anayepunga mkono, vina habari ya mfereji ulioziba mtaa fulani, nani kaandikiwa barua na halmashauri imejibu nini. Kikaratasi kinakuja mwezi huu, kinakuja mwezi ujao, kinakuja hata mwaka usio na uchaguzi. Mwaka 1973 wakawa chama chenye madiwani wengi kuliko vyote Liverpool.

Na siku za kampeni hufanya hivi. Kijana anapewa karatasi ya mtaa mmoja, majina yote ya waliojiandikisha yamo, nyumba kwa nyumba. Anabisha hodi. Hahutubii. Anauliza, anasikiliza, anaweka alama: huyu wetu, huyu wao, huyu bado hajaamua, huyu katufukuza na mbwa. Siku ya kupiga kura, mtu wao anakaa nje ya kituo anaandika namba za waliokwisha kupiga. Karatasi zinapelekwa ofisini, majina yanafutwa. Jioni yanabaki majina ya wale "wetu" ambao bado hawajafika. Hao wanafuatwa mlangoni, mmoja mmoja. Bibi, gari hili hapa. Kaka, toka bafuni, kituo kinafungwa saa nne usiku.

Kazi hiyo haina muziki. Haina fulana. Hakuna anayebebwa juu juu.

Sasa tazama matunda. Mwaka 1992, wakiwa wamekwisha kujiita Liberal Democrats, walipata asilimia 17.8 na viti 20. Mwaka 1997 kura zao zikapungua, wakapata 16.8, lakini viti vikapanda kufika 46! Waliacha kumwaga nguvu kila mahali, wakachagua majimbo ambayo mahesabu yalionyesha yanawezekana, na wapiga kura wa Labour wa majimbo yale wakawaunga mkono ili kumng'oa Conservative. Mwaka 2019 walipata asilimia 11.6, viti 11. Mwaka 2024 wakapata asilimia 12.2, na viti 72. Nusu asilimia tu imeongezeka, viti sitini na kimoja zaidi. Mwaka huo huo chama kingine kipya, Reform, kilipata asilimia 14.3, kura nyingi kuliko wao, kikaondoka na viti 5. NCCR na CUF ya 1995 hiyo, nakala yake iko London. (Kiongozi wao, Ed Davey, alitumia kampeni nzima akianguka ziwani na kujirusha kutoka juu akiwa kafungwa kamba, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Watu wakamcheka. Waliokuwa wanabisha hodi hawakucheka, walikuwa na orodha.)

Utasema: mzee unatuletea mambo ya wazungu. Haya, turudi nyumbani. Nani hapa nchini anajua kila nyumba ina watu wangapi, nani kahamia, nani kaoa, nani ana kinyongo na nani? Mjumbe wa nyumba kumi! Balozi! TANU waliuweka mfumo ule miaka ya 1960, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi wakabaki mikononi mwa CCM. Kwa hiyo wakati sisi tunapiga spika Jangwani, mama mmoja wa Mchikichini mwenye kanga ya kijani alikuwa amekwisha kupita nyumba kumi na kujua kura zake ziko ngapi. Tukaona pilau na kofia tukadhani ndiyo siri yao. Pilau ilikuwa ya kuwapendeza wageni. Siri ni lile daftari la balozi. Waliberali wa Uingereza na CCM wanafanana kwa jambo hili moja, na sisi hatufanani na yeyote.

Na Kariakoo kuna ugonjwa wetu wa pekee. Ukisimama makutano ya Msimbazi na Uhuru saa sita mchana ukapiga kelele ya mageuzi, watu elfu watakuitikia. Hao elfu, wangapi ni wapiga kura wa jimbo la Ilala? Kijana anauza Mtaa wa Kongo, analala Tandale. Mwenzake analala Buza, wa tatu Gongo la Mboto, wa nne Chanika, wa tano kajiandikisha Nachingwea. Nyumba za Kariakoo zilizokuwa na uwani, familia sita na mti wa mwarobaini zimebomolewa, yamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Ghorofa la stoo halipigi kura. Basi usishangae kwamba mtaa wenye kelele nyingi kuliko yote Tanzania uko katika jimbo ambalo CCM haijalipoteza hata mara moja tangu 1995, na mbunge wake wa tangu 2005, Mussa Zungu, Novemba 2025 kapanda mpaka kiti cha Spika. Umati wa Kariakoo mchana ni wa majimbo kumi. Usiku unagawanyika, na hakuna chama cha upinzani kilichowahi kuufuata unakokwenda na kuuandika.

Kuna jingine linalotulevya, kura za maoni. Zikitupendeza tunazibandika ukutani, zikituudhi tunasema zimenunuliwa. Septemba 2015 Twaweza walisema Magufuli atapata asilimia 65 na Lowassa 25. Tukawatukana. Matokeo ya Tume yakawa 58 kwa 40. Twaweza walikosea kwa kiasi kikubwa, nasi tuliosema Lowassa ameshinda kwa sababu tumeona uwanja tulikosea zaidi. Halafu mwaka 2018 Twaweza hao hao walitangaza kwamba wanaomkubali Rais wamepungua: kutoka 96 kwa mia mwaka 2016, 71 mwaka 2017, hadi 55. Hapo waliotukana walikuwa upande wa pili. COSTECH ikawaandikia barua kuuliza kibali, mkurugenzi wao akanyang'anywa pasi ya kusafiria, na sheria ya takwimu ikakazwa mwaka huo huo. Ukitaka kujua kama namba ina thamani, tazama nani anaiogopa.

Lakini namba ya maoni si kura. Waulize hao hao Waliberali. Aprili 2010 kijana wao Nick Clegg alizungumza vizuri kwenye mdahalo wa televisheni, kura za maoni zikampandisha zaidi ya asilimia 30, magazeti yakapagawa kama sisi na Mrema. Siku ya siku wakapata 23, na viti vikapungua kutoka 62 hadi 57. Kishindo kilikuwa kwenye televisheni, milangoni hakikufika.

Na kilichofuata ni kibaya zaidi, nakisema kwa sababu kinatuhusu. Clegg akaingia serikalini na Conservative. Alikuwa ametia saini mbele ya wanafunzi kwamba hatakubali ada ya vyuo vikuu ipande. Ikapanda mara tatu, kwa kura za chama chake mwenyewe. Mwaka 2015 wapiga kura wakamngoja: kutoka viti 57 wakabaki 8. Wale waliobisha hodi miaka thelathini, mtaa kwa mtaa, waliona kazi yao imeuzwa kwa usiku mmoja.

Hilo unalijua, kijana wa Dar es Salaam, hata kama hujui Clegg ni nani. Mwaka 2015 hapa mjini tulifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. CHADEMA, CUF, NCCR na NLD wakaungana kwa jina la UKAWA, wakagawana majimbo badala ya kugombania, na kati ya majimbo kumi ya Dar es Salaam wakachukua sita: Ubungo, Kibamba, Kawe, Ukonga, Temeke na Kinondoni. Hesabu ile ile ya Uingereza ya 1997. Tena lilikuwapo na somo la kinyume chake pale pale: Segerea, ambako CUF na CHADEMA walishindwa kuelewana, kila kimoja kikasimamisha mtu wake, CCM ikapita katikati.

Halafu? Mbunge wa Kinondoni akahamia CCM. Wa Ukonga akahamia CCM. Wa Temeke naye. Hata aliyegombea Segerea kwa tiketi ya CUF akahama. Wanaunga mkono juhudi, eti! Hawakumuuliza aliyesimama foleni saa sita juani. Na viongozi wa vyama nao wajitazame: unapomchukua mgombea kwa sababu ana gari na sauti nzito, bila kumpitisha kwenye mtaa wowote, kitu gani kimfunge asiuzike?

Hapo ndipo ninapofika kwenye swali la fundi wa simu. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi ya huyo wa Kinondoni, ambaye sasa alikuwa anagombea jimbo lile lile kwa CCM, viongozi na wafuasi wa CHADEMA waliandamana kwenda ofisi ya msimamizi wa uchaguzi. Walikuwa wanadai nini? Hati za viapo za mawakala wao. Karatasi tu. Polisi wakafyatua risasi. Msichana mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa amekaa ndani ya daladala na hana habari na maandamano, akapigwa akafa. Waliopelekwa mahakamani ni viongozi wa chama.

Fikiri, kijana. Ikiwa karatasi ya wakala haina maana, kwa nini wakala anazuiwa kwa nguvu kiasi hicho? Serikali haitumii risasi kulinda kitu cha bure. Wanajua kwamba wakala aliyeapishwa, akakaa kituoni mpaka mwisho, akahesabu na kutoka na nakala ya fomu ya matokeo yenye saini, ni mtu hatari kuliko mkutano wa Jangwani. Zanzibar mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif kwa tofauti ya kura 1,565 nchi nzima. Hizo ni kura za vituo vichache tu. Na jirani zetu Kenya, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais mzima. Fomu za vituoni na namna zilivyosafirishwa ndizo zilizomuangusha mshindi aliyetangazwa, si wingi wa watu Uhuru Park.

Utaniambia, na utakuwa sahihi, kwamba Katiba yetu ibara ya 41 inakataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa. Kwa hiyo fomu ya rais hapa haina hakimu wa kumwonyesha. Ya mbunge ina hakimu, ya diwani ina hakimu. Tuanzie hapo.

Utaniambia pia: mzee, na Oktoba 29, 2025? CHADEMA kiliondolewa kwenye kinyang'anyiro tangu Aprili kwa kutotia saini kanuni za maadili, mwenyekiti wake Tundu Lissu yuko rumande kwa shitaka la uhaini, mgombea wa ACT-Wazalendo kaenguliwa, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikapigwa mji huu, vijana wakauawa barabarani, kisha mshindi akatangazwa kwa asilimia karibu 98. Daftari la nyumba kwa nyumba lingesaidia nini siku ile?

Siku ile, hakuna. Nalikubali waziwazi. Ambapo jina la mpinzani wa kweli halimo kwenye karatasi ya kura, hakuna cha kuhesabu, na asikudanganye mtu kwamba waliokufa wamekufa kwa sababu hawakujiandikisha. Wamekufa kwa sababu walipigwa risasi.

Lakini kumbuka mtaa unaonywa kahawa. Hatua chache kutoka pale ni Lumumba, zamani New Street, ilipozaliwa TANU Julai 7, 1954. Mwaka 1958 Waingereza waliwaletea kina Nyerere uchaguzi wa kipuuzi: kila mpiga kura lazima achague watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura imeharibika. Tena wapiga kura wenyewe ni wenye kipato au elimu fulani tu. Wengi ndani ya TANU walisema tususe. Zuberi Mtemvu alichukia, akatoka akaanzisha chama chake. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua kuingia. Wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta kila mwenye sifa, wakamfundisha kila mmoja kuweka alama tatu mahali panapotakiwa, wakachagua hata Mzungu na Mhindi wa kuwaunga mkono. Wakazoa viti vyote vilivyogombewa kwa kanuni iliyotungwa ili washindwe.

Sisemi kwamba 1958 na 2025 ni sawa. Mkoloni aliwaacha TANU waingie kwenye karatasi. Wala sitaki kuamua hapa, kwenye ukurasa mmoja wa gazeti, kama safari ijayo tususe au tuingie. Hilo lina vikao vyake na wengine wako jela kwa ajili yake. Ninachojua ni kwamba kususa nako kunataka hesabu. Chama kinachosema watu wake wamekaa nyumbani lazima kiwajue watu wake ni akina nani na nyumba zenyewe ziko wapi. Kisipojua, akitangazwa mtu kwa asilimia 98 na idadi ya waliojitokeza asilimia 87, utapinga kwa kitu gani? Kwa picha ya barabara tupu kwenye simu, ambayo intaneti imezimwa huwezi hata kuituma?

Nilipomaliza kusema haya pale kijiweni kahawa ilikuwa imepoa. Yule fundi wa simu akasema, "Basi mzee niandike mimi." Nikatoa daftari la shule, la shilingi mia tano. Jina, akalitaja. Analala wapi? Manzese. Nyumba ina wapangaji wangapi? Akafikiri. Vyumba saba. Watu wazima? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akarudia, akasema wale wa chumba cha nyuma hawajui majina yao, ni mwaka wa pili sasa wanachangia choo kimoja.

"Kesho nitawauliza," akasema.

Nikaacha mistari mitatu wazi chini ya jina lake.